Nilihesabu Tumbili Vibaya

Video yangu iliyotazamwa na watu wengi kuliko zote ni ya uongo.

Sio uongo wa kupanga. Sikukaa chini nikasema leo nawadanganya. Lakini ni uongo, umefikia watu laki nne na kitu, na wengine wenu mlianza kunifuata juu ya hiyo video. Kwa hivyo leo naandika ndefu. Shika chai yako.

Mnaikumbuka. Tumbili dume ameketi juu ya ukuta, kwenye ile barabara ya kuelekea Dunga, karibu na Hifadhi ya Impala. Jua la asubuhi, ziwa nyuma yake. Amekaa kama mwenyekiti wa chama. Sehemu zake za siri ni buluu, ile buluu ya kupakwa na brashi, na najua nusu yenu mlibaki kwa video juu ya hiyo tu. Majike wawili wako kando yake, mmoja kila upande, wanamtoa chawa. Halafu inaingia sauti yangu, nimeishusha makusudi iwe nzito: "Dume mmoja. Majike wengi. Hana presha. Hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Maumbile hayadanganyi, kaka."

Sekunde thelathini na nane. Nilihariri nikiwa ndani ya matatu.

Asubuhi yake simu ilikuwa moto. Wasee waliandika "ukweli mtupu." Wasichana waliandika vitu ambavyo siwezi kurudia hapa. Mtu mmoja akaniuliza nafanya matangazo kwa pesa ngapi. Sijawahi kuulizwa hilo swali maishani, na nilikuwa na miezi minne nikilipa nyumba kwa mafungu.

Halafu kukaingia ujumbe wa M-Pesa. Soo tano. Kutoka kwa mzee wangu. Dakika mbili baadaye, ujumbe wa kawaida: "Kijana umenena."

Wacha niwaeleze kwa nini hayo maneno mawili yalinifanya nikae chini.

Mzee ni fundi wa mashua. Mkono wake ni wa maana, ukienda ufuo wowote upande wa Mbita utapata mtu amepanda kitu alichopigilia misumari yeye. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, ndio tulijua kwamba huko Mbita hakukuwa na kazi tu. Kulikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba kulikuwa na nyachira, na watoto wawili, mmoja tayari anaenda shule. Mathe ndiye mikayi. Hakuulizwa, hakuambiwa. Alijua sokoni, kutoka kwa mwanamke aliyedhani anajua.

Pesa ya mashua ikaanza kugawanywa mara mbili. Karo ikawa inakuja nusu, halafu robo, halafu ahadi. Nitakuwa mkweli: hata mimi nilikuwa nimeshaanza kukwepa madarasa nikapige video. Sio kosa la mtu mmoja. Lakini mwaka wa tatu muhula wa kwanza nilibeba godoro langu nikatoka, na tangu siku hiyo mimi na mzee tulikuwa tunaongea ya hali ya hewa tu. "Huko kunanyesha?" "Kidogo." Miaka miwili ya mvua kidogo.

Sasa hapa ananiambia nimenena.

Kama umewahi kungoja neno kutoka kwa babako, unajua. Nilipiga picha ya skrini. Bado ninayo.

*

Mathe hana simu ya mtandao. Lakini chama chao cha Kibuye kina wamama wenye simu, na wamama wenye simu hawana siri. Nilienda kumuona Jumapili, nikamkuta ameketi na beseni la omena anachambua takataka. Nikachukua kigoda nikaanza kumsaidia. Tulikaa hivyo muda mrefu. Halafu akasema, bila kuinua macho:

"Hao majike wawili kwa video yako, wanaomtoa chawa. Mimi ni yule wa kushoto ama wa kulia?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea na omena zake. Hakuongeza neno, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Nilitoka Kibuye kwa miguu hadi mjini na sikumbuki njia.

Usiku huo nikaanza kupitia komenti, nadhani nilikuwa natafuta mtu wa kunitetea. Chini kabisa, akaunti isiyo na picha, hakuna aliyemjibu, iliandika maneno matatu: "Umehesabu madume, kijana?"

Nikafungua klipu za awali. Mnajua nachukua picha pana halafu nakata iwe ya wima. Nikaangalia ile pana. Kwa tumbili huwezi kukosea dume mzima, rangi inamtoa. Mmoja kwa ukuta, huyo mnamjua. Mwingine juu ya tangi la maji. Mwingine kando ya pipa la taka, anakula kitu. Na wa nne ndani ya kivuli cha mwembe, amelala kabisa, miguu inaning'inia.

Madume wanne. Nilikuwa nimewakata watatu nje ya fremu ndiyo "dume mmoja" iwe kweli.

Nilikuwa nimewaona, hiyo ndiyo inaniuma. Wakati wa kuhariri nilimwona yule wa tangi nikasema anaharibu picha.

*

Basi nikarudi pale. Asubuhi tano, daftari la shilingi ishirini, bila kurekodi. Tumbili ukiwaangalia bila simu mkononi wanakuzoea haraka, au labda ni mimi nilitulia.

Kundi hilo nililihesabu mara nyingi kabla namba ikubali kusimama: 26. Madume wazima wanne. Majike wazima wanane. Waliobaki ni vijana na watoto, pamoja na wawili wachanga ambao bado wana nyuso za waridi na wanabebwa tumboni.

Siku ya tatu yule dume wa ukutani, nilikuwa nimeshamwita Mwenyekiti, alimnyang'anya mtoto ganda la ndizi. Mtoto akapiga kelele. Majike wawili wakamtokea kutoka pande mbili, meno nje, wakamkimbiza hadi kwa waya wa stima. Mwenyekiti alikaa huko juu karibu nusu saa akiangalia ziwa kama mtu anayefikiria maisha. Ningekuwa na simu ningepata milioni.

Nikaanza kusoma. Niliacha chuo, sikuacha kusoma, hizo ni vitu viwili. Na kumbe tumbili ni kati ya wanyama waliochunguzwa sana hapa kwetu Kenya. Amboseli walianza kufuatwa mapema miaka ya 1960, na Thomas Struhsaker. Kuanzia 1977 Dorothy Cheney na Robert Seyfarth wakakaa nao miaka mingi. Pengine mmesikia kwamba tumbili wana kilio tofauti cha chui, cha tai na cha nyoka, na wenzao hukimbilia mahali tofauti kulingana na kilio. Hiyo ilitoka Amboseli, ilichapishwa 1980.

Lakini mimi nilikuwa natafuta kitu kimoja: nani anakaa, nani anaenda.

Jibu ni kwamba jike wa tumbili huzaliwa, hukaa na hufia kwa kundi la mamake. Cheo chake anakipata kwa mamake, anakaa chini yake tu. Mama akiwa juu, binti yuko juu hata kama ni mdogo wa mwili. Eneo ni la majike, miti ya chakula wanaijua wao, na jirani akivuka mpaka wao wako mbele kwenye vita. Dume akibalehe anaondoka, mara nyingi anaenda kundi la jirani, na mara nyingi hufuatana na ndugu au rika lake, au huenda mahali ndugu yake alitangulia. Huko anaanza upya kama mgeni. Na miaka ikipita anaweza kuhama tena.

Kwa hivyo Mwenyekiti wangu, kaka zangu, yuko kwao wakwe.

*

Sasa swali ambalo nilipaswa kuuliza kabla ya kushusha sauti: kwa nini kundi moja lina madume wanne na lingine lina mmoja? Juu makundi ya dume mmoja yapo kweli. Sikuyatunga.

Wanasayansi walianza kulipanga hili swali vizuri miaka ya 1960 na 1970, na vile wanavyolieleza ni karibu kinyume cha video yangu. Hauanzi na dume. Unaanza na chakula na hatari. Jike anabeba mimba, ananyonyesha, shida yake kubwa ni kula na kutoliwa. Kwa hivyo majike wanajipanga kulingana na chakula kilipo na adui anayewawinda. Chakula kikiwa kwa mafungu yanayoweza kulindwa, kama mti mmoja mkubwa wenye matunda, wanasaidiana kuulinda. Wakiwa wengi, macho ya kumwona tai yanakuwa mengi. Wakizidi, chakula hakitoshi, wanagombana, kundi linagawanyika. Ukubwa wa kundi unatoka hapo.

Halafu ndio madume wanakuja, wanajipanga kulingana na majike walipo.

Fikiria askari wa soko la Kibuye. Vibanda vitano, askari mmoja anatosha, anaona vyote. Vibanda arobaini, hata awe na misuli ya aina gani, akiwa huku kule kumeingiwa. Na kama vibanda vyote vinafunguliwa saa moja, ndiyo kabisa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa nyani na jamaa zake: majike wakiwa wachache na wamekaa pamoja, dume mmoja anaweza kuwazuia wenzake. Majike wakiwa wengi, au wengi wao wakiwa tayari kupata mimba msimu mmoja, hawezi, na madume wengine wanaingia. Miaka ya 1990 watafiti walilinganisha spishi nyingi wakaona hivyo kwa jumla: majike wakiongezeka, madume wanaongezeka.

Mfano wangu ni mbaya kidogo, naujua. Vibanda havitembei. Majike wana miguu na wana maoni. Jike wa tumbili hata haonyeshi dalili ya nje ya siku zake za kushika mimba, kwa hivyo dume haelewi alinde lini. Wale nyani wakubwa wa Amboseli, jike wao huvimba nyuma hadi kila mtu anajua. Tumbili hakuambii kitu.

Lakini nilitaka kuona kundi la dume mmoja kwa macho yangu. Labda, nikajiambia, nilikuwa sahihi ila nilikosea mnyama.

*

Matatu ya Kakamega kutoka Kisumu, nikashuka Khayega, boda hadi Shinyalu na mbele hadi Isecheno. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho upande wetu cha ule msitu mkubwa wa Kongo, na ukiingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni baridi ambayo Kisumu hatuijui. Nilipewa mzee mmoja wa kunitembeza. Ametembea huo msitu tangu kabla sijazaliwa. Nilimwambia nataka kuona kima.

"Kima gani?"

"Wale wa dume mmoja, mzee."

Akaniangalia. "Unataka kuona dume?"

"Ndiyo."

"Basi utamwona mwisho," akasema, akaanza kutembea.

Tulisikia kabla ya kuona. Dume wa kima ana sauti moja kubwa, "piau," inapita juu ya miti kama mtu ameita jina. Halafu matawi yakaanza kusogea. Kima ni wakubwa kuliko tumbili wetu, rangi ya moshi, na wana mstari mweupe kwa paji kama kofia. Nilihesabu 31, na mzee akanisahihisha, 33. Wengi ni majike na watoto wao. Na kweli, dume mzima mmoja tu, mkubwa, amekaa peke yake pembeni.

Nikashindwa kujizuia. "Mzee, si ndiyo hii nilikuwa nasema! Mmoja, na wote hawa!"

Akacheka polepole. "Huyo alikuja mwaka huu. Kabla yake alikuwepo mwingine. Na mwingine kabla ya huyo." Akanionyesha jike mzee mwenye mkia uliokatika ncha. "Yule amezaliwa hapa. Mama yake pia alizaliwa hapa. Kijana, ukitaka kujua kundi, hesabu akina mama. Dume ni mgeni. Mgeni akikaa sana anasahau ni mgeni, lakini wenyewe hawasahau."

Kima wa hapo Isecheno wamefuatwa tangu 1979, mradi wa Marina Cords, karibu na wakati ambapo Thelma Rowell pia alikuwa akiwachunguza. Rowell ndiye yule mama ambaye tangu miaka ya 1960, akiwafuata nyani Uganda, alikuwa anauliza wenzake kwa nini kila mtu anamwona dume kwanza. Na Mkenya Mugatsia Tsingalia alichapisha pamoja na Rowell mwaka 1984 kuhusu maisha ya hao madume wenyewe. Ukisoma kazi zao unapata kwamba ile picha ya mfalme na wake zake inavuja kila mahali.

Kwanza, dume mkazi anaweza kukaa miaka, au siku chache tu. Pili, msimu wa kupandana ukifika na majike wengi wakiwa tayari pamoja, madume wa nje wanamiminika, siku nyingine kadhaa kwa mara moja, na majike wanapandana nao. Mkazi anakimbiza mmoja huku, mwingine anaingia kule. Askari wa Kibuye. Tatu, walipochukua vipimo vya vinasaba na kuchapisha mwaka 2014, watoto wengi tu waliozaliwa kwa makundi hayo hawakuwa wa dume mkazi. Nne, kundi likikua sana linagawanyika, na wanaogawana ni majike, kila upande na ndugu zake na kipande chake cha msitu.

"Hana presha," nilisema. Maze, huyo dume presha yake ni ya hospitali.

Nikamuuliza mzee kuhusu madume wengine, vijana waliotoka kwao na hawajapata kundi. Akasema wako tu, wanatembea kando kando, peke yao, mara wanaonekana, mara hawaonekani. Nikajiona hapo, godoro mgongoni. Halafu nikajikataza, juu hiyo ndiyo ilikuwa shida ya kwanza: kila nikimwona tumbili namtafuta mtu.

*

Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, hasa nyinyi mlioanza kuniandikia "kwa hivyo wanawake ndio wakubwa, maumbile yamesema." Hapana. Msinipeleke kutoka uongo mmoja hadi mwingine.

Dume mpya wa kima akiingia, wakati mwingine huua watoto wachanga wa yule aliyemtangulia. Imeonekana hapo hapo Kakamega. Maelezo yanayokubalika sana ni kwamba mama akipoteza mtoto anakuwa tayari mapema kupata mwingine, na labda ndiyo sababu moja majike hupandana na madume wengi, ili wasijue mtoto ni wa nani. Maumbile hayadanganyi, nilisema. Sawa. Lakini kama tunachukua sheria za ndoa kutoka kwa kima, tunachukua na hiyo? Nani anaweka hiyo kwa video?

Halafu, kima gani? Kwa huo msitu mmoja kuna mbega weupe na weusi, kuna kima wa mkia mwekundu, kuna nyani. Na kaskazini, kipande kinachoitwa Kisere, kuna kima wa De Brazza, wale wenye ndevu nyeupe za mzee. Huyo ndiye aliyenimaliza. Kule Gabon wanaishi kama familia ndogo, dume na jike na watoto wao. Hapa Kenya, Rowell na Tsingalia pamoja na mtafiti mwenzao Wahome waliandika mwaka 1993 kwamba wako kwa makundi ya dume mmoja na majike kadhaa. Spishi moja. Damu moja. Msitu tofauti, ndoa tofauti.

Mtu akikwambia "mwanaume ameumbwa hivi, angalia tumbili," muulize tumbili yupi, msitu gani, na amekata nani kwa fremu.

Hata sisi wa hapa ziwani tuna ushahidi wa zamani sana. Kisiwa cha Maboko, magharibi ya Kisumu, ndani ya ghuba yetu hii ya Winam, kina mifupa ya kima wa miaka kama milioni 15 iliyopita, wanamwita Victoriapithecus. Fuvu lake zima lilitangazwa 1997, na ni kati ya mafuvu ya zamani kabisa ya jamii nzima ya kima na nyani wa Afrika na Asia. Chonge za madume zilikuwa kubwa kuliko za majike. Hiyo inaonyesha madume walikuwa wanapigana. Haionyeshi kila mmoja alikuwa na wake wangapi, na haituambii nani alikuwa na furaha. Miaka milioni 15 na bado mfupa hauwezi kukutolea kibali cha kuoa.

*

Nimefika kwenye sehemu ambayo nimeizunguka wiki tatu.

Mzee wangu hakuoa mara ya pili juu ya tumbili. Luo wameoa wake wengi tangu zamani, na kulikuwa na utaratibu: mikayi anajua, nyumba yake inatangulia, na shamba linagawanywa mchana. Sio mimi wa kuuhukumu utaratibu wa mababu kwa posti moja. Mathe mwenyewe amekulia kwa boma la wake watatu na anampenda kila mmoja wa mamake. Kilichomuumiza ni kufichwa. Ni kwamba mtu alihesabu nyumba yake na hakumwambia hesabu.

Na mimi nikaja na video nikampa mzee kitu ambacho hakuwa nacho: sababu ambayo haina mtu ndani. Si mimi, ni maumbile. Ndiyo maana alinitumia soo tano. Nilifikiri ananisifu, kumbe ananishukuru.

Ningeweza kuifuta ile video kimya kimya. Lakini kufuta ni kukata fremu tena. Kwa hivyo nimeiacha, nimeweka maandishi juu yake: "Hii ni ya uongo, madume walikuwa wanne, tazama ya pili." Ya pili nimeiposti Jumatano. Picha pana, madume wote wanne, majike wote wanane, bila kushusha sauti. Leo ninapoandika imetazamwa na watu elfu tatu na mia moja. Yule wa matangazo hajaandika tena.

Kabla ya kuiposti nilimpigia mzee. Nilitaka asiione kwanza kwa mtu. Nikamwambia, Baba, ile video ya tumbili nilikosea, naweka nyingine. Akanyamaza. Nikasikia nyundo ya mtu mwingine nyuma yake, huko ufuoni.

"Ulikosea nini?"

"Hesabu, Baba. Niliwaacha wengine nje."

Akanyamaza tena. Halafu akauliza, "Huko kunanyesha?"

Nikasema kidogo.

Mathe nilimpelekea simu yangu Kibuye akatazama mwenyewe, miwani puani, dakika nzima na nusu. Alicheka Mwenyekiti alipokimbizwa, ile sehemu niliichora kwa mkono juu sikuwa nimeirekodi. Halafu akarudisha simu, akapangusa mikono, akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanifungia samaki wawili kwa gazeti na hakukubali nilipe.

Hizo soo tano za mzee bado ziko kwa M-Pesa. Sijajua nizifanyie nini. Ukiwa na wazo, andika hapo chini.

Na kama uko Milimani ama Dunga na tumbili wamekuibia ndizi asubuhi, kabla ya kuchukua simu, wahesabu kwanza. Wote. Nitumie namba.